Kupunguziwa kodi ni haki ya sheria, siyo huruma ya mkusanyaji



Katika mikutano yetu neno moja linarudi kila mara: kodi. Kodi ya soko, kodi ya kiwanja, kodi ya kichwa, pesa ya bariere. Na nyuma ya neno hilo kuna swali: familia yenye mapato kidogo, mjane, mzee, hawa wote walipe sawa na tajiri? Wengi wanajibu, « Ni kumuomba chef, akikuhurumia utapona. » Hapana. Sheria yetu ina nafasi ya kuwaachilia wanyonge, lakini nafasi hiyo haiji yenyewe nyumbani. Ni kuijua na kuiomba.

Nani anaweza kupunguza kodi?

Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema mambo mawili. Kwanza, kodi haiwekwi ila kwa sheria. Pili, hata kuachiliwa au kupunguziwa kodi hakutolewi ila kwa sheria. Kifungu cha 65 nacho kinakumbusha kwamba kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi na takse zake.

Maana yake ni hii: mkusanyaji hana ruhusa ya kuongeza franga hata moja, na hana ruhusa ya kusamehe. Basi akikwambia, « Leta nusu tu, lakini kitansi hakuna, » usifurahi. Hakukupunguzia kitu. Pesa yako imeingia mfukoni mwake, na mbele ya serikali wewe bado una deni. Kesho atakuja mwengine, na karatasi ya kumuonyesha hauna.

Ni nini kilibadilika?

Zamani mambo mengi yalikatwa Kinshasa. Tangu sheria za ugatuzi za 2008, jimbo lina kodi zake, kama vile kodi ya viwanja na nyumba. Sheferi, sekteri, komini na mji nazo zina zake: kodi ya kichwa na takse za mahali, kama ile ya soko. Na kutoka 2018 kuna orodha moja ya sheria inayotaja kodi na takse za jimbo na za ngazi hizo za chini. Takse isiyokuwa kwenye orodha haina msingi.

Katiba inasema pia kwamba 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, 40% inashuka kwa miji, komini, sekteri na sheferi. Tuhesabu: kwa kila franga 100, jimbo linapata 40, na katika hizo 40, franga 16 ni za ngazi ya chini. Lakini kwa matendo pesa hiyo haifiki yote, na mara nyingi inachelewa. Sheferi isiyopata fungu lake inatafuta wapi? Inatafuta sokoni, kwenye beseni ya mama anayeuza maharagi. Ndiyo sababu mzigo unaangukia mdogo.

Nani anaweza kuachiliwa?

Kwa kodi ya viwanja na nyumba, sheria ya tarehe 10 Februari 1969 ina nafasi kwa wenye mapato madogo, kwa wazee waliopita miaka 55, na kwa wajane. Nyumba wanayokaa wenyewe inaweza kuachiliwa kodi, mradi watimize masharti. Sheria hiyo hiyo inaangalia pia majengo yanayotumika kwa kilimo na ufugo tu.

Lakini sikilizeni vizuri: lazima mwenye nyumba aandike na kupeleka tangazo lake kwa ofisi ya kodi. Tarehe ya sheria ni 1 Februari, kila mwaka. Mjane asiyepeleka karatasi anahesabiwa kama kila mtu. Haki yake ipo, lakini imelala.

Kwa kilimo, sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 inaondoa ushuru wa kuingiza mbegu, mbolea na vitu vingine vya kazi ya shamba vinavyotoka inje. Koperative inayoagiza pamoja iulize kwanza masharti, mbele ya mzigo kufika mpakani.

Soko na bariere

Hapa ndipo wanyonge wanaumia zaidi, kwa sababu takse ya soko haiulizi mapato. Tuchukue mfano wa kuhesabu tu: takse ni franga 500 kwa kila muuzaji. Mwenye mali ya franga 100 000 ametoa nusu ya moja kwa mia. Mama mwenye sombe ya franga 5 000 ametoa kumi kwa mia. Walilipa sawa, lakini hawakubeba sawa.

Tena kuna njia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Nyingine ni za watumishi wa serikali, nyingine za vikundi vya silaha. Kwenye bariere ya silaha hatumwambii mtu yeyote abishane. Uhai unapita pesa. Lakini kwa takse ya ofisi, kuna mlango wa kugonga.

Mlango huo ni budjeti. Katika Kivu ya Kusini, kuanzia miaka ya 2010, komini na sheferi fulani zilijaribu kupanga budjeti pamoja na raia: watu wanakaa, wanaona pesa iliyoingia, wanachagua kazi ya kufanya. Pale mtu anapoona daraja au soko lililotengenezwa, kulipa hakumuumizi sana. Na pale ndipo koperative inaweza kuomba takse ifuate ukubwa wa mzigo, siyo kichwa cha muuzaji. Madiwani wa sekteri na sheferi hawajachaguliwa bado, kwa hiyo sauti ya koperative ina uzito zaidi.

Tufanye nini?

1. Kila memba achunge kitansi zake zote, hata za franga 200. Mwandishi wa koperative azinakili kwenye daftari moja: tarehe, mahali, kiasi, jina la takse.

2. Koperative iombe kwa ofisi ya sheferi au sekteri orodha ya takse na bei zake, na iibandike kwenye depo.

3. Mnamo Desemba, tuandike majina ya wajane, wazee na familia zenye mapato madogo wanaodaiwa kodi ya nyumba. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua, ili karatasi zifike mbele ya 1 Februari. Kopi yenye muhuri ibaki nyumbani.

4. Malalamiko yaende kwa barua ya koperative, siyo ya mtu mmoja. Mtu mmoja wanaweza kumtisha. Memba mia moja wenye daftari ni vigumu.

Hatusemi watu waache kulipa. Barabara, soko na centre de santé vinahitaji pesa yetu. Tunasema kila mmoja alipe kinachomhusu kwa sheria, apate kitansi, na yule ambaye sheria imemuachilia aachiliwe kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mkutano ujao, leteni kitansi zenu tuanze daftari.