Mhina: Mti wa Nchi Kavu Ufaao Kupandwa Uani

Watu wa Lamu, Pate na visiwa vya jirani hawaoni arusi kuwa imetimia mpaka bibi arusi apakwe hina. Lakini wengi hununua unga wake dukani bila ya kujua umechanganywa na nini. Yafaa basi tueleze namna ya kuupanda mhina wenyewe.

Mhina ni mti mdogo wa nchi kavu, ambao katika Afrika ya Mashariki humea wenyewe kandokando ya mito ikaukayo. Maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa, tena hunukia sana. Hauhitaji maji mengi, wala hauvumilii maji yaliyotuama.

Masika yanapoanza, kata vitawi vilivyokomaa vya urefu wa shubiri moja, uvichomeke mahali penye jua, nusu ya kila kitawi iwe ndani ya udongo. Vinyweshe hata vishike mizizi. Kisha mti utastahimili kiangazi. Kila ukatapo matawi, machipukizi mapya huongezeka. Majani uyaanike kivulini, kwa maana jua kali hupunguza rangi. Yakikauka yatwange, uchekeche unga kwa kitambaa chepesi, uukande kwa maji ya ndimu, na uuache saa kadhaa kabla ya kuupaka.

Rangi ya hina huanza kama chungwa, na baada ya siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu ya kahawia. Hina peke yake haitoi weusi wa papo kwa papo. Piko nyeusi ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kemikali hiyo yaweza kuibabua ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha makovu. Na aliyedhurika mara moja huenda akadhurika tena kila atumiapo rangi ya nywele. Kwa sababu hiyo, nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza isipakwe juu ya ngozi.

Tena, watoto wachanga wasipakwe hata hina halisi. Wako wanaozaliwa na kasoro ya damu, nayo hina yaweza kuziharibu chembe zao nyekundu.

Basi masika yajayo, kila mwenye ua na apande kitawi kimoja au viwili, apate kujua kwa hakika kile atakachompaka binti yake siku ya arusi.