Modeli inayoruka ya ndege ya B.E.2c

Modeli inayoruka ya B.E.2c ni mfano mdogo wa ndege ya kijeshi ya Uingereza yenye bawa la juu na bawa la chini, iliyotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Tofauti na modeli ya kupambia kabati, hii hurushwa kwa rimoti. Kwa hiyo mjenzi hufuata umbo la ndege halisi, lakini pia hupima uzito na msawazo.

Historia

B.E.2c ilibuniwa katika Royal Aircraft Factory, Farnborough, ili iwe tulivu angani. Ikiyumbishwa na upepo ilijirudisha yenyewe, na waliomo waliweza kupeleleza nchi iliyo chini. Huko Ulaya utulivu huo uligeuka kuwa udhaifu, kwa kuwa haikuweza kugeuka haraka iliposhambuliwa na ndege za Fokker.

Katika Afrika ya Mashariki hali ilikuwa tofauti. Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1916 kikiwa na B.E.2c. Wajerumani walikuwa na ndege moja tu, ya rubani Bruno Büchner, iliyokuwapo Dar es Salaam vita vilipoanza mwaka 1914. Matatizo makubwa ya kikosi yalikuwa joto, magonjwa na umbali wa kusafirisha petroli na vipuri. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916. Katika Wilaya ya Ilala vita hivyo hukumbukwa kwa Sanamu ya Askari na kwa jina la Kariakoo, linalotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Skeli na uzito

Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha ya mabawa, na uzito wa takriban kilogramu 1,066 ikiwa imepakiwa. Kwa skeli ya 1:8, upana wa modeli ni mita 1.41. Eneo la mabawa hugawanywa kwa 64 (8 × 8), na uzito kwa 512 (8 × 8 × 8). Hivyo modeli inapaswa kuwa na kilogramu 2.1 hivi. Ikizidi sana hapo, italazimika kwenda kasi zaidi ili ibaki hewani, na itatua kwa kishindo.

Ujenzi

Mbavu za mabawa hukatwa kwa mbao nyepesi za balsa, na plaiwudi huwekwa pale tu panapobeba nguvu, kama kwenye mota na magurudumu. Spoki za baiskeli hufaa kwa vyuma vya kusukuma usukani. Mabawa yote mawili yafungwe kwenye kiolezo kimoja ili pembe zake zilingane. Bawa lililopinda huivuta ndege upande mmoja. Ncha za mabawa huinuliwa kidogo kama katika ndege halisi, kwani hapo ndipo panapotoka sehemu ya utulivu wake.

Msawazo

Mota ya umeme ni nyepesi kuliko injini ya asili, hivyo betri huwekwa mbele kabisa na mkia hujengwa mwepesi. Modeli isawazike kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa kuwa bawa la juu limetangulia la chini, kipimo hicho huchukuliwa kwenye wastani wa yote mawili. Modeli nzito mkiani haitulii angani, hata kama imejengwa vizuri.

Urushaji

Modeli hurushwa asubuhi pasipo upepo mkali, katika uwanja mpana usio na watu. Nchini Tanzania vyombo vya angani visivyo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ruhusa hutafutwa kwanza. Jambo hili lina uzito wa pekee Ilala, ambako ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere.