Saratani ya figo: Seli zinavyohodhi chuma na shaba

MKOJO wenye damu si jambo geni kwa wakazi wa pwani ya Mtwara, kuanzia Mtawanya hadi mlango wa Mto Ruvuma, kwa kuwa kichocho kimekuwapo huko kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo dalili hiyo, hasa isipoambatana na maumivu, huweza kupuuzwa hata inapotokana na ugonjwa mwingine: saratani ya figo.

Ili kuudhibiti ugonjwa huo, wanasayansi wanachunguza namna seli zake zinavyotumia madini ya chuma na shaba, pamoja na vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli viitwavyo lisosomu.

Lisosomu zilibainishwa mwaka 1955 na Christian de Duve wa Ubelgiji, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Kazi yake ni mithili ya tanuri la vyuma chakavu: ndani yake mna tindikali na vimeng'enya vinavyovunja mabaki ya seli ili yatumike upya. Protini inayohifadhi chuma nayo huvunjwa humo, na chuma hicho kikaachiliwa.

Katika seli yenye afya, kimeng'enya kinachotegemea chuma na oksijeni huitia alama protini iitwayo HIF, kisha protini ya VHL huiandaa iharibiwe. Uchunguzi wa utaratibu huo uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Katika saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, jeni ya VHL mara nyingi huwa imeharibika. HIF hujilimbikiza, na seli hutenda kana kwamba imekosa hewa: huchochea mishipa mipya ya damu na kuhifadhi mafuta mengi.

Hata hivyo, chuma ni upanga wenye makali kuwili. Seli hukihitaji ili igawanyike, lakini kikizidi huchochea uharibifu wa mafuta ya utando wake hadi ikafa. Kifo hicho kiliitwa feroptosisi mwaka 2012, na maabara zimeonyesha kuwa seli za saratani hii hudhurika nacho kwa urahisi.

Kuhusu shaba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walionyesha mwaka 2024 kuwa hujikusanya zaidi kadiri ugonjwa unavyokomaa, ikizisaidia seli kuzalisha nishati. Hiyo si sababu ya kuogopa korosho, ingawa zina shaba nyingi: kilichoharibika ni mwenendo wa seli, si chakula.

Klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, huingia katika lisosomu na kupunguza tindikali yake. Dawa ya jamii yake, haidroksiklorokwini, imejaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa saratani ya figo pamoja na dawa ya everolimasi. Hata hivyo, haijawa tiba rasmi ya ugonjwa huo, na kuimeza bila ushauri wa daktari ni hatari.

Kwa sasa, kinga kubwa ni kuwahi. Damu inayoendelea kuonekana baada ya kichocho kutibiwa, au iliyotoweka yenyewe, yahitaji uchunguzi hospitalini, ikiwamo picha ya ultrasaundi. Uvimbe ukigundulika ungali ndani ya figo, mara nyingi upasuaji huweza kuuondoa wote.