Figa ya Mtumba Inanuka Fegi? Wacha Kuipulizia Pafyumu, Ioshe Hivi

Umezunguka Gikomba asubuhi nzima, ukainama kwa rundo la vidoli vya mtumba, mara paap! Goku mzima mzima. Nywele ziko, mikono iko, na muuzaji hata hajui huyo ni nani. Anakuitisha soo tatu, unampea chapchap kabla ashtuke. Unafika keja, unamsimamisha kando ya TV, na baada ya lisaa hivi nyumba yote inanuka kaa klabu saa kumi usiku.

Wasee wengi hapo hukimbilia pafyumu. Wacha. Utabaki na Goku ananuka fegi na pafyumu, na hiyo mchanganyiko ni noma kuliko fegi peke yake.

Cheki, moshi wa fegi haupiti tu ukaenda. Uko na nikotini na lami, na hizo hushika plastiki vile mafuta ya chipo hushika ukuta wa kibanda. Ikikaa miaka kwa nyumba ya mvutaji, figa inavaa utando wa njano unaonata. Huo utando ndio unanuka, so haufunikwi, unatolewa. Na si mambo ya harufu pekee. Kama kwenu kuna katoi kanatambaa na kila kitu ni mdomoni, hiyo nikotini itaishia kwa mikono yake.

Sasa chukua karai, weka maji vuguvugu na matone kadhaa ya sabuni ya vyombo. Vuguvugu, buda, si ya chai! Figa nyingi za anime ni PVC na ABS, na PVC ikipata moto inalegea. Mimi nilimwagia Vegeta maji yametoka tu kwa birika, nikidhani naimaliza hiyo harufu mara moja. Zile nywele zake za kusimama kaa moto zikalala upande, kama msee ameamka kwa mathree ya Rongai. Nilizirudisha kwa kuziloweka tena kwa maji moto, nikazinyoosha na mkono, alafu nikamtumbukiza kwa maji baridi. Zilisimama, lakini hajawahi kuwa yule Vegeta.

Kabla ya maji, toa kila kitu kinatoka: betri, taa, nguo za kitambaa (hizo fua kando). Vitundu vya chini ya miguu funika na selotepu, juu maji yakiingia ndani kutoka ni hadithi. Loweka dakika 10 hadi 15, alafu sugua mos mos na mswaki wa zamani, ule laini, hasa kwa mikunjo ya nguo na katikati ya nywele. Maji yakibadilika yakae kaa chai ya rangi, furahi, hiyo ni fegi ya mwenyewe wa kwanza inaenda. Mwaga, weka mengine, rudia mpaka yabaki safi. Anika kivulini siku mzima. Jua la saa saba litakula rangi.

Na tafadhali, ile maji ya kutoa rangi ya kucha ikae mbali. Hiyo ni asetoni, inayeyusha ABS na kubeba sura ya Goku yote. Spirit pia inaweza ng'oa rangi. Jik iwachie choo.

Ukinusa na bado kuna kitu kwa mbali, tafuta ndoo iko na mfuniko. Weka figa ikiwa imekauka, na kando yake bakuli ya baking soda ikiwa wazi. Baking soda, si baking powder, na si magadi ya kuchemshia githeri. Usiinyunyize juu ya figa, itajificha kwa viungo uitoe na sindano. Funga siku tatu, nne, unuse tena. Ukikosa, makaa makavu ndani ya soksi pia husaidia, ni vile tu yanachukua muda. Lakini usiisahau huko miezi. PVC iko na mafuta ya kuilainisha, na ikifungiwa bila hewa hayo mafuta hutoka nje, inaanza kunata tena hata kama hakuna fegi.

Kizaazaa ni boksi. Kadibodi hunywa moshi kaa sponji na huwezi iosha. Ifungue, ijaze magazeti, iweke kwa ndoo na baking soda wiki kadhaa ukibadilisha hayo magazeti. Itapungua, kuisha kabisa ni bahati. Nikama mimi, boksi ingekaa kwa mfuko wake mbali na figa, na siku ya kuuza ningemwambia mnunuzi ukweli, juu atanusa tu.

Next time ukiokota kitu hapo sokoni, igeuze unuse chini ya miguu na ndani ya boksi kabla utoe doo. Ikinuka, hiyo soo tatu inakuwa soo na finje.