Mbwa mkubwa akichanika kano ya goti

Mbwa wa kilo 40, tuseme Rottweiler au Boerboel wa kulinda nyumba, anaanza kuchechemea mguu wa nyuma. Anapumzishwa wiki moja, anapata nafuu, anafunguliwa usiku, asubuhi hakanyagi kabisa. Akiketi, goti lile halikunji. Mguu anautupa pembeni. Nikiona dalili hizo pamoja, ninachokishuku kwanza ni kano ya mbele, mojawapo ya zile mbili zinazopishana ndani ya goti na kuushikanisha mfupa wa paja na muundi.

Wengi wenye mbwa husema aliruka ukuta akaumia. Huenda aliruka kweli. Lakini kano ya mbwa kwa kawaida huwa imelika polepole kwa miezi, na mruko humalizia tu kilichobaki, tofauti na mchezaji wa mpira anayeumia kwa tukio moja. Ndiyo maana goti la pili nalo halina usalama: takriban nusu ya mbwa waliochanika upande mmoja huchanika na wa pili baadaye.

Daktari hulipima goti kwa kushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, aone kama muundi unateleza kwenda mbele. Mbwa mkubwa mwenye maumivu hukaza misuli, kwa hiyo mara nyingi hulazimu apewe dawa ya kumtuliza. Picha ya eksirei haionyeshi kano yenyewe. Huonyesha maji yaliyojaa gotini na dalili za baridi yabisi. Usikubali kuiruka hata ukibanwa na gharama, kwani saratani ya mfupa huwapata mbwa wa maumbo makubwa, na huanza kwa kuchechemea vilevile.

Je, apasuliwe? Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliwafuatilia mbwa waliotibiwa bila upasuaji. Wenye uzito chini ya kilo 15 wengi wao walipona vizuri. Waliozidi uzito huo, ni mmoja tu kati ya watano. Kwa hiyo kwa mbwa wa kilo 40 mimi hushauri upasuaji, isipokuwa uzee au ugonjwa mwingine uifanye nusukaputi kuwa hatari.

Njia ya zamani ni kufunga uzi mnene wa nailoni nje ya goti. Uzi huo hautarajiwi kudumu. Huzuia goti lisiyumbe mpaka mwili ujenge kovu gumu kulizunguka. Ni nafuu, na mbwa mdogo humtosha. Kwa mbwa mzito uzi hulegea mapema, kabla kovu halijakomaa.

Njia ya pili aliibuni Barclay Slocum, daktari wa wanyama wa Oregon, Marekani, akaichapisha mwaka 1993. Aligundua kwamba kichwa cha muundi wa mbwa kimeinama kwa nyuma, kwa kawaida nyuzi zipatazo 25. Kila mbwa anapokanyaga, paja huteleza kwenye mwinamo huo kama mkokoteni mlimani, na kano ndiyo inayolizuia. Slocum hakutafuta kano mpya. Aliukata mfupa kwa msumeno wa duara, akauzungusha mpaka mwinamo ukabaki nyuzi kama 5, akaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Upasuaji huu hujulikana kwa herufi TPLO. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2013, mbwa wakiwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye waliofanyiwa TPLO walikanyaga vizuri kuliko wa uzi. Mkono wa mpasuaji una uzito wake pia: muulize amefanya wangapi, na kama ataikagua gegedu iliyo kati ya mifupa, kwa sababu mara nyingi nayo huwa imepasuka.

Kabla ya kulipa hata shilingi, jiulize ni nani nyumbani atakayeishika kamba. Mfupa uliokatwa huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga. Wiki mbili za mwanzo mbwa hutoka kwenda haja tu, akiwa kwenye kamba fupi. Kisha hutembezwa taratibu dakika tano hivi, mara tatu kwa siku, zikiongezwa kila wiki, pamoja na zoezi la kuketi na kuinuka wima ili misuli ya paja irudi. Hakuna kukimbia wala ngazi, na sakafu ya vigae itandikwe kitu kisichoteleza. Mbwa wa ulinzi asifunguliwe usiku hata mara moja mpaka eksirei ya wiki ya nane ionyeshe mfupa umeunga. Mwambie na mlinzi wa zamu, kwa sababu mfukuzano mmoja wa paka unaweza kung'oa skrubu.

Maumivu yatulizwe kwa dawa alizoandika daktari wa mifugo, kama carprofen au meloxicam. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake.

Goti lililoumia halitaki uzito wa ziada, kwa hiyo mbwa mnene mpunguzie na ugali. Ukipapasa mbavu zake bila kubonyeza, uzihisi. Usipozihisi, anza kupunguza chakula leo, hata kama tarehe ya upasuaji bado iko mbali.