Kinamasi cha kujengwa husafisha maji, lakini nani alipie ardhi?

Mvua kubwa ikinyesha siku moja tu baada ya mkulima kuweka mbolea, sehemu ya pesa zake huondoka na maji. Mbolea hiyo hufuata mtaro hadi mtoni, na mto ukaifikisha ziwani, ambako hulisha mwani na magugu maji. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua na samaki hukosa pumzi.

Wakazi wa Naivasha nchini Kenya wanalijua jambo hili. Ziwa lao la maji baridi halina mto unaotoka, na maji yake mengi huletwa na Mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua. Zamani mafunjo yaliota kwa wingi kando ya ziwa, yakichuja udongo na mbolea kabla havijaingia. Sehemu kubwa ya mafunjo hayo imetoweka kwa kulimwa, kuchomwa na kukanyagwa na wanyama. Samaki wengi walipokufa mwanzoni mwa 2010, mashamba ya maua yalinyooshewa kidole, na ubishi kuhusu chanzo hasa ukawa mkali.

Baadhi ya mashamba hayo yamejijengea vinamasi ili kufanya kazi ambayo mafunjo ya ziwani yalikuwa yakiifanya bure. Maji machafu huingia kwanza katika shimo la kutulizia tope. Kisha hupita polepole katika kitanda cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo, na mwishowe katika vidimbwi vya wazi. Sakafu huwekwa udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa, au karatasi nzito ya plastiki, ili maji yasizame ardhini kabla ya kusafishwa.

Wengi hudhani mimea ndiyo inayonyonya uchafu wote. Sivyo. Mtafiti Mjerumani Käthe Seidel, aliyeanza majaribio ya kusafisha maji kwa mimea ya majini miaka ya 1950, aliifungua njia, lakini leo inafahamika kuwa kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye mizizi, kokoto na tope. Mahali pasipo na oksijeni, bakteria hao hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani. Fosforasi haina njia hiyo ya kutorokea. Hunata kwenye udongo na tope, na tope likishiba, huanza kuachiliwa tena majini.

Faida nyingine ni viumbe wanaorudi. Vyura, kereng'ende na ndege wa majini hufika wenyewe, na wengi wao hula wadudu. Kinamasi pia hupokea maji ya mvua kubwa na kuyaachilia kidogo kidogo, hivyo makorongo ya chini hayaliwi upesi. Anayeogopa mbu ana haki, ila maji yanayopita chini ya kokoto hayawapi mahali pa kutagia. Vidimbwi vya wazi ndivyo vinavyohitaji samaki wa kula viluwiluwi, na ua wa kuzuia watoto.

Ugumu uko kwenye hesabu. Ardhi ni ya mwenye kinamasi, lakini maji safi ni ya jirani wa chini. Shamba la maua hurudishiwa gharama na soko, kwani wanunuzi wa Ulaya hudai vyeti vya utunzaji wa mazingira. Mkulima wa viazi mwenye ekari moja huko Kinangop hadaiwi cheti na yeyote. Kumwambia atoe robo ya shamba kwa ajili ya samaki wa Naivasha ni kumtania.

Jimbo la Iowa, Marekani, eneo la mahindi na soya, lililitambua hilo. Mpango wake ulioanza 2001 humlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwaka kwa miaka 15 anapokubali kinamasi kijengwe mahali panapopokea maji ya mashamba. Vinamasi hivyo huondoa kati ya asilimia 40 na 70 ya naitreti, ilhali huchukua nusu hadi asilimia 2 tu ya eneo linalomwaga maji humo. Kwa bonde la ekari 100 linalolimwa na familia nyingi, hiyo ni nusu ekari hadi ekari mbili, si robo ya shamba la kila mmoja.

Naivasha nayo imewahi kujaribu njia kama hiyo. Kupitia mradi wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji wa maji wa chini waliwapa wakulima wa juu ya Malewa vocha za kununulia pembejeo, na wakulima wakapanda nyasi na miti kando ya mito na mitelemko. Malipo yalikuwa madogo, lakini mlango ulifunguliwa. Kikundi kinachotaka kuchimba kinamasi cha pamoja kinaweza kuanzia hapo.

Kabla ya jembe la kwanza, kikundi kiandike nani atakayekata matete na kuzoa tope, na kwa pesa za nani. Matete yanaweza kusukwa mikeka au kutandazwa shambani. Yaliyokulia kwenye maji yenye dawa za wadudu yasilishwe ng'ombe wa maziwa. Tope la shimo la kwanza lizolewe kabla halijaziba kokoto, kwa sababu kuzitoa na kuziosha ni kazi inayokaribia kujenga upya.