Serengeti kwa Siku Moja Kutoka Bariadi: Gari Ndilo Linalokula Pesa, Si Kiingilio

Pamba ikianza kununuliwa, watu wa Simiyu wanakuwa na pesa mkononi. Majira hayohayo, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, nyumbu huwa wanapita ukanda wa magharibi wa Serengeti, yaani upande wetu. Ndiyo maana kila mwaka kwenye vikoba, makanisani na maofisini hujitokeza mtu wa kusema, "Jamani, mwaka huu twende mbugani." Wazo ni zuri, ila pesa hiyohiyo inangojwa pia na ada za shule, bati na mbegu za msimu ujao. Kwa hiyo tupige hesabu kabla hujamkabidhi mtu advansi.

Kwanza tuondoe woga wa kiingilio. Kwa viwango vya TANAPA vya miaka ya karibuni, raia wa Afrika Mashariki mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea analipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa 2,000. Ongeza VAT ya asilimia 18 upate 11,800 na 2,360. Aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Kwa pesa hiyo hupati hata jogoo wa maana mnadani.

Kinachomaliza mfuko ni gari, na uamuzi wako wote unaanzia hapo.

Njia ilivyo

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kama kilomita 72. Lango la Ndabaka liko mbele kidogo, ukishika barabara ya Mwanza–Musoma kuelekea Bunda. Ukiondoka Bariadi saa 10 na nusu alfajiri, saa 12 asubuhi lango likifunguliwa umeshafika. Kwa anayetoka Bariadi mjini, gesti ya Lamadi ni kupoteza pesa bure. Anayetoka Meatu au ndani ya Itilima, huyo kulala Lamadi kunamlipa, maana akifika langoni saa 4 asubuhi atakuwa amepoteza saa ambazo wanyama wanatembea kabla ya jua kuwa kali.

Wapo watakaokwambia Pori la Akiba Maswa liko karibu zaidi. Kwenye ramani ni kweli. Lakini pori hilo limejengewa zaidi utalii wa uwindaji, si matembezi ya familia ya siku moja. Liache.

Chaguo la kwanza: gari la familia la viti saba

Chukulia watu wazima wanne, watoto wawili na dereva. Bei za kukodi nitakazotaja ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako mahali pake. Gari bila mafuta, 150,000. Kwenda na kurudi barabarani pamoja na mizunguko ya ndani ni kama kilomita 270. Kwa gari linalokula lita moja kila kilomita 8, hizo ni lita 34, na lita ikiwa 3,000 ni shilingi 102,000. Posho na chakula cha dereva, 30,000. Ada ya gari langoni hutozwa kwa uzito, na gari la namba za Tanzania hulipa kwa shilingi. Tenga 40,000, ikibaki ni yenu. Viingilio vya watu wazima watano na watoto wawili ni 63,720.

Jumla inakuja 385,720, yaani kama 64,000 kwa kila abiria. Umeona hao watu wazima watano? Dereva naye analipiwa. Hapo ndipo makundi mengi yanapoanza kubishana langoni, kwa sababu hakuna aliyemhesabu.

Angalia pia kwamba viingilio vyote ni kama sehemu moja ya sita tu ya jumla. Wakienda watu wazima watatu kwa gari lilelile, kila mmoja anabeba zaidi ya 123,000. Viti vitupu ndivyo ghali kuliko kitu chochote kwenye safari hii. Ukishakodi gari, tafuta jirani wa kulijaza.

Faida ya gari dogo ni uhuru: mnasimama mnapotaka na kila mtu ana dirisha. Hasara yake ni tope. Udongo mweusi wa ukanda wa magharibi ukilowa haumhurumii mtu, na gari la chini lisilovuta kwa magurudumu yote manne litakwama. Kiangazi linapita vizuri kwenye barabara kuu ya ndani. Masika, ama kodi gari la juu kwa bei ya juu, ama ahirisha.

Chaguo la pili: basi dogo la kikundi

Basi la viti 28, tuseme mmelipata kwa 600,000 pamoja na mafuta na dereva. Ada ya gari zito tenga 100,000. Viingilio vya watu wazima 28 na dereva ni 342,200. Gawanya, kila mmoja anatoa kama 37,000. Kwa bei, hakuna njia inayoishinda hii.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama wote 28 wametokea. Wakija 20, kila kichwa kinapanda hadi 47,000 na ushee, na mweka hazina ndiye atakayezomewa. Dawa ni moja: pesa yote ikusanywe wiki moja kabla, na asiyelipa jina lake litoke. Ahadi ya "nitakukuta stendi" haijazi tangi.

Jua pia unachokikosa. Aliyekaa upande usio na simba ataona visogo vya wenzake. Basi haliingii njia ndogo za pembeni, na likisimama kila anapotaka mtu mmoja, jioni itawakuta mbali na lango. Kwa wanafunzi, kwaya na kikoba, linatosha kabisa. Kwa anayetaka picha nzuri, halitoshi.

Chaguo la tatu: kampuni ya utalii

Kampuni za Mwanza zinakuja na gari la paa linalofunguka, dereva anayejua wanyama walipo, na mara nyingi chakula cha mchana. Bei yake ni kubwa kuliko njia zote hapo juu na kwa kawaida hutajwa kwa dola. Inafaa kama una mgeni, mzee asiyeweza kurushwarushwa barabarani, au sherehe ya mara moja maishani.

Kabla ya kulipa, uliza haya na ujibiwe kwa maandishi: viingilio vimo? VAT imo? Gari linatoka Mwanza kuja kutuchukua kwa gharama ya nani? Leseni ya biashara ya utalii iko wapi? Bei ni ya gari zima au ya kichwa? Kama jibu ni "tutaelewana", tafuta mwingine.

Mambo yanayochomoa pesa kimyakimya

Kitambulisho. Bei ya shilingi ni ya raia. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au kingine kinachoonyesha uraia. Shemeji kutoka Ulaya naye asipandishwe garini bila hesabu: asiye mkazi hulipa dola 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na VAT juu yake, jumla dola 82.60. Huyo mmoja anazidi viingilio vya familia yako yote.

Malipo. Langoni hawapokei noti. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Weka salio la ziada kwa ajili ya makato, na usitegemee simu moja.

Kutoka na kurudi. Kibali ni cha kuingia mara moja. Mkitoka kwenda kula sato Lamadi, kurudi ndani ni kulipa upya. Bebeni chakula na maji ya siku nzima. Vyombo viwe vya kufunikwa, si mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019.

Tamaa ya Seronera. Katikati ya hifadhi ndiko kwenye sifa ya simba na chui, lakini ni mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka Ndabaka, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni karibu saa tatu kwenda na tatu kurudi kabla hujasimama kumtazama hata swala. Mafuta nayo yanapanda kutoka lita 34 hadi 55, ongezeko la 63,000, karibu sawa na viingilio vya gari zima. Kwa siku moja, ishieni upande wa Kirawira na Mto Grumeti. Kuna viboko, mamba wakubwa, na katika majira yake, nyumbu wenyewe. Seronera ni ya atakayelala ndani.

Saa. Kuingia mwisho saa 10 jioni, na saa 12 jioni muwe mmeshatoka. Dereva anayeanza safari kwa kuchelewa anakula siku mliyoilipia. Mafuta yajazwe Bariadi au Lamadi, na tairi la akiba likaguliwe kabla ya kuondoka.

Bodaboda. Pikipiki haziruhusiwi hifadhini. Atakayekwambia "nitakuingiza kwa njia yangu" anakuuzia kesi.

Kama mfuko hautoshi

Hata 37,000 ni nyingi kwa nyumba yenye watoto watano. Usikope. Pandeni basi la Mwanza mwende Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo ya kilomita za mraba 2 na kidogo tu ndani ya Ziwa Victoria, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Kuna swala na pimbi, mnatembea kwa miguu, na hakuna gari la kukodi. Uliza kwanza kama nauli ya boti imo kwenye kiingilio. Njiani, Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na siku moja inatosha kwa yote mawili mkiamka mapema.

Anayependa historia ashike njia ya Mara aende Butiama, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Kwa wanafunzi ni safari yenye somo, na nauli za kawaida zinawafikisha.

Kuhusu mabasi ya Arusha yanayokatiza Serengeti: hayo ni usafiri, si utalii. Basi halisimami kwa ajili ya tembo, na ada za hifadhi ziko palepale. Panda kama Arusha una shughuli.

Uamuzi

Mko watu 20 na zaidi wenye nidhamu ya kulipa? Chukueni basi dogo. Familia mbili zinazopatana? Gari la viti saba, lijae, na mwisho wa safari uwe Grumeti. Una mgeni wa dola? Kampuni, kwa maandishi. Chini ya hapo, Saanane.

Na yeyote atakayekutajia bei moja ya mkupuo, mwombe aipasue vipande sita: gari, mafuta, dereva, ada ya gari, viingilio, chakula. Kipande atakachoshindwa kukitaja ndicho utakachokuja kulipia langoni.